Kicheko Kilichorithiwa

Mabibi na mabwana, wimbo ninaotaka tuuzungumze leo ni The Laughing Policeman wa Charles Penrose, mchekeshaji wa Uingereza aliyeurekodi mwaka 1922, kisha akaurudia mwaka 1926. Kisa chake chepesi. Yuko polisi mnene, uso mwekundu, kutwa anacheka. Anamkamata mtu bila kujua kosa lake, halafu anaangua kicheko mpaka taya linamvunjika. Kwa maneno matupu, wimbo huu usingefika mbali.

Uhondo uko kwenye kiitikio. Mkisikiliza vizuri, Penrose hacheki ovyo: kila "ha" inakalia noti yake, inapanda na kushuka pamoja na ala, na pumzi anaivutia pale muziki unapompa nafasi. Ni kuimba kabisa, ila masikio yetu yanapokea kicheko cha mtu aliyeshindwa kujizuia, na sisi tunashindwa pamoja naye. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza atacheka vilevile. Huko Uingereza redio ya BBC iliendelea kuwapigia watoto wimbo huu miaka mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwenye miji ya pwani palikuwa na sanamu ya polisi ndani ya sanduku la kioo: unatumbukiza sarafu ya peni moja, anatikisika mwili mzima na kucheka.

Lakini lahani na kile kicheko vilitangulia kwa George W. Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia enzi za utumwa, akawa anapiga mluzi mitaani New York ili apate senti. Alianza kurekodi The Laughing Song mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wakati ule rekodi za nta hazikuweza kunakiliwa kwa wingi, kwa hiyo alisimama mbele ya mashine chache, akaimba na kucheka, zikabadilishwa nta, akaanza upya. Siku nzima, na kila mnunuzi alitaka kicheko kibichi!

Na alikuwa akichekea nini? Maneno ya wimbo ule yanamkejeli mtu mweusi, yaani yeye mwenyewe. Hilo linaniuma kila ninapousikia. Penrose alichukua kicheko kilekile akakihamishia kwa mwenye pingu na sare, na kwangu mimi hapo ndipo wimbo ulipopata maisha marefu: kumcheka mkubwa hakumchoshi mtu.

Johnson alifariki mwaka 1914, kabla Penrose hajarekodi wimbo wake. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka rekodi yake kwenye orodha ya sauti za kuhifadhiwa, na mtandaoni inapatikana. Naomba muanze na hiyo ya Johnson, ndipo mfuatishe ya Penrose. Na mkimsimulia mtu habari za yule polisi, mtajieni na Johnson.