Doa la Breki Halisuguliwi, Linayeyushwa

Habari za mchana, mabibi na mabwana.

Rimu iliyo mezani imetoka kwenye gari lililotumika miaka kadhaa. Imeshaoshwa kwa sabuni mara tatu, na bado ina vidoa vya rangi ya chungwa vilivyotapakaa kama mtu kainyunyizia pilipili ya unga. Ipitisheni huko mbele. Vaeni kimfuko cha nailoni kidoleni, kisha papaseni taratibu. Mnahisi chembechembe kama za msasa laini? Huo si uchafu uliokaa juu ya rangi. Ni chuma kilichozama ndani yake.

Kila ukikanyaga breki, pedi inaibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na vyote viwili vinasagika. Diski za magari mengi ni za chuma cha kusubu. Pedi ni mchanganyiko wa gundi iliyokaushwa kwa joto, nyuzinyuzi, kaboni na, mara nyingi, vipande vya metali. Vumbi hutoka likiwa la moto, likarukia rimu na kujichomeka kwenye vanishi, ile safu angavu ya juu ambayo mafundi wa rangi huiita klia. Maji yakifika, chembe ya chuma inashika kutu, kutu inavimba, na kijitundu kinazidi kupanuka. Magurudumu ya mbele huchafuka zaidi kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito husogea mbele, na breki za huko ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Sasa mtaelewa kwa nini stilwaya haifai kabisa. Unakata vichwa vya chembe na kuacha mizizi. Rimu inaonekana safi siku chache, kisha vidoa vinarudi palepale, safari hii vikiwa na mikwaruzo juu yake.

Kabla ya kumwaga dawa yoyote, jua rimu yako imevaa nini. Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo ya metali, sugua sehemu iliyojificha kwa nyuma. Kitambaa kikiwa cheusi papo hapo, hiyo ni alumini tupu. Kikibaki na rangi ya polishi yenyewe, kuna vanishi juu. Jambo hili dogo ndilo linalookoa rimu nyingi. Kostiki soda, ambayo imo katika dawa nyingi kali za kuondoa mafuta, hula alumini tupu na kuiacha na ukungu usiotoka kwa kuosha. Asidi nazo huharibu kromu na alumini. Na kama kibandiko cha chupa kimetaja asidi ya hidrofloriki au amonia bifloridi, irudishe dukani: hupenya ngozi na kudhuru hadi mifupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kuanza. Doa la rimu halistahili hatari hiyo.

Dawa inayofaa ni ya kuyeyusha chuma, isiyo na asidi kali, yenye thioglikolati. Utaitambua kwa harufu yake ya yai bovu; ni jamii ileile ya kemikali zinazotumika saluni kukunja nywele. Ikikutana na chuma hubadilika kuwa zambarau au nyekundu iliyoiva, ikachuruzika kama juisi ya zabibu. Watu hufurahia rangi hiyo kupita kiasi. Inakuonyesha kuwa chuma kipo na kinayeyuka, lakini haikuambii kuwa kimekwisha.

Kazi yenyewe huwa nzuri zaidi rimu ikiwa imetolewa, kwa sababu upande wa ndani ndio ulioganda zaidi. Weka kigingi kwenye magurudumu yanayobaki chini, legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado ardhini, ndipo upige jeki, na uweke stendi ya kulishikilia gari. Usipulize vumbi kwa kompresa wala kulifagia likiwa kavu. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na hata zisizo nayo si kitu cha kuvuta mapafuni. Lilowanishe kwanza.

Rimu iwe ya baridi, kivulini. Osha kwa maji na shampuu ya gari, suuza, kisha futa maji mengi, maana maji yaliyobaki huzimua dawa. Vaa glovu na miwani, simama mahali penye hewa. Nyunyiza mililita 50 hadi 80 kwa rimu moja, ndani na nje. Subiri dakika 3 hadi 5, au kama kibandiko kinavyosema, ukiisambaza kwa brashi laini. Kwenye matundu ya nati tumia mswaki wa zamani. Isikauke. Ikikauka huacha michirizi ambayo nayo itakupa kazi. Suuza kwa maji mengi, halafu rudia. Rimu iliyozembewa huhitaji raundi 2 au 3. Kwa alumini tupu, jaribu kwanza kipande kidogo kwa nyuma.

Vidoa vyeusi visivyogeuka zambarau mara nyingi ni lami, au gundi ya vile vyuma vidogo vya kusawazisha gurudumu. Hapo tumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni. Vyuma vyenyewe usivibandue, la sivyo usukani utatetemeka barabarani.

Kikibaki kitu bado, tumia udongo wa kusafishia rangi, lile donge laini la kufinyangika linalouzwa kwa kusafishia magari, kipande cha ukubwa wa nusu ya kiganja. Lowesha rimu kwa maji yenye matone ya shampuu, telezesha bila kukandamiza, ukunje udongo kila unapochafuka. Ukianguka chini, tupa. Na udongo uliopita kwenye rimu usiurudishe kwenye bodi ya gari.

Kuna madoa ambayo hayatatoka. Ukipitisha ukucha ukanasa kwenye shimo, vanishi imeshaliwa. Ukiona mistari myeupe inayojipinda kama njia za minyoo chini ya vanishi, alumini yenyewe inaoza. Hapo dawa haina msaada. Rimu hiyo ni ya kuvuliwa rangi na kupakwa upya.

Iliyo salama ikaushe na uipake nta au kizibio cha rangi, ili vumbi jipya litoke kwa sabuni. Usipake pale rimu inapogusana na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Rudisha nati kwa mpangilio wa nyota, yaani ukiruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, ukaze kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari, na ukague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Swali la kule nyuma: je, dawa ikirukia diski? Suuza kwa maji mengi. Diski itaota utando wa rangi ya chungwa ndani ya saa chache, na utando huo huondoka kwa breki chache za kwanza. Endesha polepole mahali pasipo na watu, ukanyage breki mara tano au sita, hadi zishike sawasawa, kabla ya kuingia barabara kuu.