Chenga anazo, mbona hapangwi?

NEEMA: Habari za wakati huu, msikilizaji. Mimi ni Neema, na hapa niko na mwenzangu kocha Rashidi, anayefundisha vijana mchangani huku Temeke. Leo tuna swali moja, nalo tumelipa kipindi kizima. Mzazi katutumia ujumbe wa sauti. Mwanawe ana miaka 12. Danadana anapiga mpaka wapita njia wanasimama, chenga anazo, tobo anapiga, yaani mpira unapita katikati ya miguu ya mtu, kanzu anavisha, unapita juu ya kichwa chake. Mechi ikifika, kocha wake anamweka benchi. Mzazi anauliza: mwanangu anakosa nini?

RASHIDI: Shikamoo yake huyo mzazi, na asante kwa swali. Mtoto anayemudu danadana namna hiyo ameshavuka sehemu ngumu. Mguu wake unaujua mpira ulivyo, unavyodunda, unavyozunguka. Sasa mimi ningependa kumwona kwenye jambo moja tu: mpira ukija kwake, kabla haujamfikia, anaangalia wapi?

NEEMA: Anaangalia mpira, bila shaka.

RASHIDI: Ndiyo, na watoto wengi wako hivyo. Anautazama mpira tangu umetoka mguuni kwa mwenzake mpaka umefika kwake. Anautuliza vizuri kabisa. Halafu ndipo anainua kichwa kutafuta nani yuko wapi. Wakati huo beki ameshafika. Sasa afanyeje? Anapiga chenga. Si kwamba chenga ndiyo ilitakiwa pale, ni kwamba njia nyingine zote zimeshafungwa. Kocha aliye pembeni anaona mtoto mchoyo wa pasi. Mimi naona mtoto aliyechelewa kuangalia.

NEEMA: Hapo umenigusa kweli, kocha, kwa sababu mtoto akiitwa mchoyo anaumia, na anaweza kuacha mpira kabisa.

RASHIDI: Kabisa. Ndiyo maana nasema tumfundishe kuangalia, tusimkaripie. Kuna profesa wa Norway, Geir Jordet, amewachunguza kwa miaka mingi wachezaji wa viungo wanavyogeuza shingo kabla ya kupokea mpira. Ukimtazama Xavi, yule kiungo, enzi zake za Barcelona utaelewa anachosema. Kichwa hakitulii. Bega la kulia, bega la kushoto, mpira, bega tena. Mpira unapofika, ameshajua atakapoupeleka.

NEEMA: Nyumbani mzazi atamfundishaje hilo? Hana koni, hana uwanja.

RASHIDI: Ukuta unatosha. Mtoto asimame hatua kama sita kutoka ukutani, agonge mpira kwa ndani ya mguu, urudi, agonge tena. Nyuma yake asimame mtu, dada, kaka, hata mama mwenyewe. Mpira ukiwa njiani kwenda ukutani, yule wa nyuma anainua vidole. Mtoto ageuze shingo, aone vidole, ataje namba kwa sauti, kisha arudishe macho mpirani kabla haujamfikia. Mwanzoni mpira utampita mara nyingi, na hilo halina shida. Akizoea, mtu wa nyuma asogee kulia au kushoto, na mtoto aupokee mpira kuelekea upande ambao hakuna mtu.

NEEMA: Huo upokeaji ndio wenyewe wanaita mguso wa kwanza?

RASHIDI: Huo. Wengi wanadhani mguso wa kwanza ni kuusimamisha mpira chini ya unyayo. Mpira uliosimama ni zawadi kwa beki. Mguso wa kwanza mzuri unaupeleka mpira mahali ambapo kitendo cha pili kitafanyika. Na mwili usimame upande upande, usilikabidhi goli lenu uso mzima. Ukipokea huku mabega yako yamefunguka, unamwona anayekupa na unaliona lango la wapinzani kwa pamoja. Upokee kwa mguu wa mbali, ule ulio upande wa lango unalolishambulia. Mpira unapita mbele ya mwili na wewe umeshageuka.

NEEMA: Nipe mfano wa mechi, ili msikilizaji akautafute autazame.

RASHIDI: Dennis Bergkamp wa Uholanzi, Kombe la Dunia 1998, Marseille, Uholanzi na Argentina, robo fainali. Ni 1-1, dakika ya 90 inakaribia. Mwenzake Frank de Boer anapiga mpira mrefu kutoka nyuma, unavuka zaidi ya nusu ya uwanja. Bergkamp anauchukua hewani kwa mguu wa kulia, unalala pale pale mbele yake. Mguso wa pili, tobo kwa Ayala, beki wa Argentina. Mguso wa tatu, nje ya mguu, nyavuni. Miguso mitatu, yote mguu mmoja. Mtoto wa danadana akitazama ile goli atafurahia tobo. Nami namwambia atazame mguso wa kwanza, maana bila ule kulala pale, tobo isingekuwepo.

NEEMA: Na tobo yenyewe ilikuwa na kazi. Ilimtoa beki kati yake na goli.

RASHIDI: Hilo ndilo nalopenda wasikilizaji walishike, dada Neema. Chenga siipingi.

NEEMA: Nataka uliseme kwa nguvu, kwa sababu mimi nimecheza winga shuleni na najua ilivyo. Mtoto akipiga chenga moja tu, pembeni wote wanapiga kelele: "Toa pasi! Toa pasi!" Tunalea watoto wanaoogopa mpira. Wanautoa kama vile unawaunguza. Halafu wakiwa wakubwa tunalalamika hatuna winga wa kumpita beki.

RASHIDI: Nakubaliana nawe, na nasema hivi: karibu na goli letu, chenga ni hatari, kwa sababu ukinyang'anywa hapo ni goli. Karibu na goli lao, ukiwa wewe na beki mmoja, sikuzuii. Mpite. Ukipoteza, tutakimbia wote kuutafuta.

NEEMA: Basi mwambie anavyompita.

RASHIDI: Amtazame beki miguu na kiuno, asitazame uso. Beki ana wakati ambapo uzito wake wote uko mguu mmoja. Mguu ule haunyanyuki. Upande huo ndio wa kupita. Kuzungusha mguu juu ya mpira, kuyumbisha bega, yote hayo ni ya kumfanya auweke uzito pale unapotaka wewe. Na akishauweka, uondoke kwa kasi. Vijana wengi wanapiga chenga nzuri kisha wanabaki pale pale, beki anageuka, anawakuta. Chenga bila kubadili mwendo haina faida. Umbali nao ni kitu: ukianza mbali, beki anapata muda wa kujipanga; ukianza karibu mno, anautia mguu. Hatua moja na nusu, mbili, hapo.

NEEMA: Na mchangani? Mpira haukimbii.

RASHIDI: Mchangani unalazimika kuuinua kidogo kwa ncha ya mguu, na kuusukuma mara nyingi zaidi. Ni shule nzuri sana ile. Mtoto aliyecheza chandimu kwenye mchanga, mpira wa matambara na mifuko ya nailoni, akipelekwa kwenye nyasi anaona raha. Ila anapaswa kujifunza upya nguvu ya pasi, kwa sababu nyasi zinakimbiza.

NEEMA: Twende kwenye kushambulia pamoja. Nianzie kwenye nipe nikupe, maana kila mtoto anaijua kwa jina.

RASHIDI: Kwa jina, ndiyo. Wanampa mwenzao kisha wanasimama kuangalia pasi yao ilivyopendeza! Nipe nikupe inamuua beki kwa sababu beki anaufuata mpira kwa macho. Ukitoa pasi, kwa sekunde ile amekusahau. Kwa hiyo mguu ukishapiga pasi, hatua inayofuata ni mbio, papo hapo, kupita mgongoni mwa macho yake. Yule anayepokea agonge mguso mmoja tu, na asiupige miguuni kwako, aupige mbele yako, kwenye nafasi unayoikimbilia. Na asimame kwa pembeni kidogo. Akisimama nyuma ya beki kwa mstari mmoja na wewe, pasi haina pa kupita.

NEEMA: Na beki mjanja asiyeufuata mpira, akamfuata mkimbiaji?

RASHIDI: Ah, hapo ndipo anapoingia mtu wa tatu. Huyu ndiye namtaka kila kijana wangu amjue. A anampa B. C, ambaye hajaugusa mpira, ameshaanza kukimbia. B hamrudishii A, anamchomekea C. Beki aliyemfuata A amekwenda bure. Na C ni vigumu sana kumkaba, kwa sababu alianza kukimbia wakati kila mtu anamtazama B.

NEEMA: Goli la Di María! Fainali ya Kombe la Dunia, Qatar, 2022.

RASHIDI: Lisimulie wewe, naona umelipenda.

NEEMA: Sana. Dakika ya 36, Argentina inaongoza 1-0 dhidi ya Ufaransa. Mpira unatoka kwao nyuma, unamfikia Mac Allister, anampa Messi katikati ya uwanja. Messi anaugonga kwa wepesi kabisa kwenda kwa Julián Álvarez. Sasa Mac Allister, aliyeutoa mpira, hakusimama. Amekimbia moja kwa moja. Álvarez anamchomekea mbele. Mac Allister anafika karibu na boksi, angeweza kupiga mwenyewe, lakini anaona Di María anakuja upande wa kushoto peke yake. Anamwekea. Di María anamaliza, na machozi yanamtoka. Kila nikiitazama, nasisimka. Miguso michache kwa kila mtu, na hakuna chenga hata moja.

RASHIDI: Na hesabu waliokimbia bila mpira. Mac Allister kakimbia mbali kuliko mpira ulivyohitaji, Di María kabaki ametanua upande wake bila kusogea katikati kuuomba. Kusubiri pembeni bila kuguswa na mpira ni kazi ngumu kwa mtoto. Anahisi hachezi. Mimi huwaambia mawinga wangu: ukikaa pale kwenye mstari, yule fulubeki, beki wa pembeni, hawezi kwenda kumsaidia mwenzake wa kati. Umefanya kazi hata kama hujaugusa.

NEEMA: Tuwafundisheje hilo bila maneno mengi? Watoto hawapendi hotuba.

RASHIDI: Duara. Wanne nje, wawili katikati, mraba wa mita 8 kwa 8. Wa nje wanapasiana, wa ndani wanatafuta. Anayepoteza anaingia ndani. Johan Cruyff alipoanza kuifundisha Barcelona mwaka 1988 aliufanya mchezo huu kuwa chakula cha kila siku, na bado wanaucheza. Ndani yake yamo yote tuliyoyasema: kuangalia kabla, mwili upande upande, pasi yenye nguvu sahihi, kusogea ukishatoa. Mimi naongeza sharti moja. Pasi ikipita katikati ya wale wawili wanaotafuta, inapigiwa makofi. Watoto wanaanza kuitafuta hiyo, na hiyo ndiyo pasi mpenyezo ya kwenye mechi.

NEEMA: Kisha?

RASHIDI: Kisha washambuliaji watatu na mabeki wawili, goli moja, sekunde 10 za kumaliza. Mwenye mpira akimbie nao kumwelekea beki mmoja mpaka beki huyo aamue. Asipoamua, endelea, piga. Akikujia, kuna mwenzako ameachwa wazi. Watoto wanakosea kwa kutoa pasi mapema mno, beki bado hajavutwa. Na hapa chenga za yule kijana wetu zina thamani kubwa, kwa sababu beki anayemwogopa atamjia mapema, na wakija wawili, ujue kuna mtu huru mahali.

NEEMA: Nimelipenda hilo. Anaogopwa, kwa hiyo pasi yake ina nafasi kuliko ya mwingine.

RASHIDI: Hasa. Na wenzake wamsaidie kwa sauti. "Una mtu!" maana yake rudisha. "Geuka!" maana yake uko huru. Timu ya watoto iliyo kimya haishambulii vizuri.

NEEMA: Tusisahau kuotea, ile ofsaidi. Naona wadogo wanasimama tu mbele wanasubiri.

RASHIDI: Kwa haraka: mwamuzi anaangalia ulikuwa wapi pasi ilipopigwa, si ulipoipokea. Kwa hiyo anza kukimbia kutoka usawa wa beki, au nyuma kidogo, mwenzako akiwa anauinua mguu kupiga. Ukiwa nyuma ya mpira huotei kamwe, ndiyo maana pasi ya kurudisha kutoka kwenye mstari wa mwisho inazaa magoli mengi. Na mpira wa kurusha kwa mikono hauna kuotea, wala kona, wala goli-kiki. Wafundisheni hilo, ni faida ya bure.

NEEMA: Na mfano wa mbio hizo ni Mbwana Samatta wa Aston Villa, pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, Machi 2020, dhidi ya Manchester City.

RASHIDI: Dakika ya 41. El Ghazi anamimina krosi, na Samatta anajirusha, anaupiga kwa kichwa akiwa anakwenda chini. City walishinda 2-1, lakini goli lile la mtoto wa Mbagala nawaonyesha vijana wangu kila mara. Nawauliza: kabla ya krosi, alikuwa wapi? Wanarudia video, wanatazama mwendo wake wakati mpira uko kwa mwingine. Mpigaji anatakiwa aamini kuna mtu atafika, na yule wa kati anatakiwa aamini mpira utakuja. Wanazoeana hivyo mazoezini tu, hakuna njia nyingine.

NEEMA: Sasa mzazi wetu. Amwambie nini kocha wa mwanawe?

RASHIDI: Aende kwa heshima, baada ya mazoezi, si siku ya mechi. Aulize: "Mwalimu, mwanangu aongeze nini ili umwamini?" Kocha mzuri atafurahi kuulizwa hivyo. Na mtoto mwenyewe awepo asikie.

NEEMA: Kuna kipande cha mwisho cha ujumbe wake. Anataka kumnunulia mpira, dukani wamempa namba 5.

RASHIDI: Arudishe, achukue namba 4. Namba 5 ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, huo ni wa kuanzia miaka 13 hivi. Namba 4 itamruhusu apige pasi ndefu bila kupindisha mguu.

NEEMA: Namba 4, mzazi. Wiki ijayo tunaye golikipa hapa studioni, na maswali ya mikono tumeni mapema. Asante, kocha.

RASHIDI: Asante, dada Neema. Kwaherini.