Niko Trelew, mji wa Wawelisi kule kusini mwa Argentina

Haya jamani, mnanisikia? Upepo wa huku si mchezo, nimejibanza ubavuni mwa stesheni ya zamani ya reli angalau tuongee. Niko Trelew, mkoa wa Chubut. Kutoka Buenos Aires nimekaa kwenye basi usiku kucha na nusu ya siku, nje ni vichaka na kondoo, vichaka na kondoo.

Hebu oneni kibao hiki: "Pueblo de Luis", yaani mji wa Luis. Hicho ni Kihispania, lakini jina Trelew ni Kiwelisi, lugha ya Welisi (Wales) kule Uingereza. Tre ni mji, na Lew ni Lewis Jones, mmoja wa viongozi wa walowezi waliotoka huko.

Sasa ninyi mliosoma Kenya, mnaikumbuka ile disk, kibao cha kumvisha anayeongea lugha isiyotakiwa shuleni? Mimi niliivaa darasa la nne kwa kumwambia mwenzangu "nikopeshe raba" siku ya Kiingereza. Unatembea nayo shingoni, masikio wima, ukimnasa mwingine unamvisha yeye, na itakayelala naye ndiye wa viboko. Basi watoto wa Welisi karne ya 19 walivishwa kitu kile kile! Kibao cha mti kimechongwa WN, Welsh Not, yaani Kiwelisi hapana. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, halafu kicheko kikaniishia kooni.

Ndipo mhubiri Michael D. Jones alipowaambia watu wake watafute nchi ya mbali ambako lugha yao haitasumbuliwa. Mwaka 1865 watu kama 150 wakapanda merikebu Mimosa pale Liverpool, miezi miwili baharini, wakashuka tarehe 28 Julai palipo Puerto Madryn ya leo. Julai huku ni kipupwe! Walitarajia malisho ya kijani, wakakuta nyika kavu, na wakulima hasa miongoni mwao walikuwa wa kuhesabu. Watehuelche, wenye nchi, ndio waliowafundisha kuwinda na kubadilishana nao nyama kwa mkate. Yale ambayo jeshi la Argentina liliwatendea wenyeji wa Patagonia, eneo hili la kusini, baadaye yanahitaji video yake, siwezi kuyapitia juu juu.

Kilichowaokoa ni maji. Mwaka 1867 Rachel Jenkins na mumewe Aaron waliona mto Chubut ukijaa uko juu kuliko shamba lao, wakatoboa ukingo, maji yakaingia yenyewe. Kutoka hapo ikawa mifereji bonde zima, ngano ikastawi mpaka ikashinda tuzo Paris mwaka 1889. Lakini ngano haiogelei, inataka reli ya kuifikisha bandarini. Ujenzi ulianza 1886, na kambi ya wajenzi ndiyo iliyozaa mji huu. Treni yenyewe ilikoma 1961, stesheni sasa ni makumbusho.

Mkija msitarajie Welisi ndogo. Ni mji wa Waargentina: Kihispania kila kona, watu na vibuyu vyao vya "mate" (kinywaji cha majani kama chai, si mate ya mdomoni), na mchana maduka yamefungwa, wamelala. Kiwelisi mtakikuta kanisani, shuleni, na hasa Oktoba kwenye Eisteddfod, mashindano ya mashairi na nyimbo. Watu wa Lamu, hii ni yenu: mshairi bora wa Kiwelisi hukalishwa kwenye kiti cha heshima, wa Kihispania huvishwa taji!

Na hii hapa mkononi ni torta negra, keke nyeusi ya sukari guru, zabibu kavu na lozi. Inaitwa ya Kiwelisi ila imezaliwa hapa hapa Chubut. Ni nzito, kipande hiki tu kimenishibisha. Bibi aliyeniuzia anasema inakaa miezi bila kuharibika. Mama, kama unatazama, nusu nimeifunga kwenye karatasi, inakuja Likoni.