Kwa Nini Mtoto wa Seli Mundu Anyweshwe Maji

Ndugu zangu, habari za jioni. Mzazi mwenye mtoto wa seli mundu huambiwa kliniki: mnyweshe maji mengi, mkinge na baridi. Leo tuingie ndani ya chembe nyekundu ya damu tuone ushauri huo umetoka wapi.

Himoglobini ni protini ya kubeba oksijeni. Ina minyororo minne, alfa miwili na beta miwili, iliyokunjamana ikawa donge. Mnyororo wa beta una amino asidi 146, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kujenga protini. Kwenye seli mundu, herufi moja ya vinasaba imebadilika, A ikawa T, na amino asidi ya 6 si glutamiki tena, ni valini. Vernon Ingram ndiye aliyeliona hilo, Cambridge, mwaka 1957. Zile 145 nyingine ziko vilevile.

Sasa tazameni ngumi yangu. Hilo ndilo donge. Namba 6 iko hapa, kwenye kifundo cha kidole, upande wa nje. Glutamiki hupatana na maji. Valini huyakimbia kama mafuta. Himoglobini ikiwa na oksijeni, hakuna neno. Ikishaiachia, umbo lake hugeuka na ubavuni hujitokeza kijishimo. Valini ya jirani hutumbukia humo. Jirani naye hunasa mwingine, unakuwa uzi, nyuzi zinajisokota kamba, na kamba zinaisukuma chembe mpaka inapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu yanayomliza mtoto usiku wa manane.

Nyuzi hizo hazianzi papo hapo. Damu ikiwahi kurudi mapafuni kuchukua oksijeni, chembe imepona. Lakini chembe ikipungukiwa maji, himoglobini husongamana, na hata msongamano mdogo huharakisha nyuzi mno. Baridi nayo hubana mishipa, damu ikajikokota. Kwa hiyo kikombe cha maji ni tiba inayofika mpaka kwenye umbo la protini, na mama anayekishika mkononi anastahili kuelezwa hivyo, asiishie kuamriwa tu.

Mmeona pia kwamba miezi ya mwanzo mtoto huwa hana shida? Bado ana himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, yenye minyororo ya gama badala ya beta, na hiyo huzivuruga nyuzi. Kisha jeni yake huzimwa, na vidole vinaanza kuvimba. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, huiamsha tena jeni hiyo kwa kiasi. Mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayohariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe kwa lengo hilohilo: herufi yenye kosa inaachwa ilivyo, kinachokatwa ni swichi inayoizima jeni ya gama.