Pumzi Inayokata Kila Siku

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu wa Bweyale, asanteni kwa kuja. Najua wapo waliosimama njiani mara kadhaa kabla ya kufika. Kaeni, mpumue, haraka haipo.

Leo nazungumza na yule ambaye pumzi inamkata akichota maji, akiinama kuwasha jiko, hata akivaa shati. Wengi mmeambiwa ni uzee tu. Sikubaliani na maneno hayo. Hapa jirani, Masindi, watafiti walipima mapafu ya watu wa vijijini wenye miaka zaidi ya 30. Matokeo yalitoka 2015: karibu mtu 1 kati ya 6 alikuwa na njia za hewa zilizobana, na si wazee peke yao. Moshi wa kuni tunaouvuta tangu utotoni una mkono wake hapo. Wengine walipona kifua kikuu, mapafu yakabaki na makovu. Kwa wengine chanzo ni moyo. Kwa hiyo kwanza upimwe, maana dawa ya mapafu haitamsaidia mwenye moyo uliochoka.

Ukipewa inhela, yaani kile kikopo cha kuvuta dawa kwa mdomo, uliza uonyeshwe jinsi ya kuivuta. Wengi wanaipuliza mdomoni, dawa inagonga koo na kuishia hapo. Ili dawa ifike kifuani, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Toboa kitako chake, tundu likae sawasawa na mdomo wa inhela, pasipenye hewa pembeni. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, kisha vuta polepole kwenye mdomo wa chupa, ushikilie pumzi kidogo. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, dawa itaganda kwenye plastiki badala ya kuingia kifuani.

Pumzi ikikubana, kaa, egemeza viwiko kwenye magoti, mtu akupepee usoni. Upepo ule usoni unatuliza kweli, msiudharau.

Sasa mofini, dawa kali ya maumivu ambayo wengi wanaiogopa. Tangu 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa mahututi, mofini ya maji imewatuliza wagonjwa wengi wenye maumivu, na serikali huitoa bure. Mwaka 2004 sheria iliruhusu hata wauguzi na maofisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo kuiandika. Si dawa ya kuua mtu. Lakini kwa pumzi niseme wazi: utafiti wa Australia uliotoka 2022 ulijaribu dozi ndogo kwa wagonjwa wa mapafu, na haukuona nafuu kwenye kukosa pumzi. Kwa hiyo haitangulii. Daktari huifikiria kwa mgonjwa ambaye mengine yote yamefanyika na bado anahema akiwa amekaa kitako, tena kwa dozi ndogo sana na kwa kufuatiliwa.

Chupa ya mofini ya jirani usiiguse, hata kama rangi inafanana na yako. Na mgonjwa akianza kuitumia, choo kitakuwa kigumu, hilo ni karibu hakika. Mwombeni muuguzi dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Vijijini kwetu wengi hutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Mwambieni muuguzi kama mnazitumia.