Sabtaito za Mama Mdogo wa Uyole (na Mabano Yake)

KASTO: Kamwene jamani, karibuni tena. Hapa Mbeya ukungu umeshuka mpaka Kabwe, mlima Loleza hata hauonekani, mi nimekuja na makoti mawili. Tumpe, za kwako.

TUMPE: Ndaga, kaka Kasto. Leo sina salamu ndefu, nina jambo la wiki hii na ndo hilo hilo tulilolipangia kipindi. Mama mdogo wangu wa Uyole mnamjua.

KASTO: Wa parachichi.

TUMPE: Huyo huyo. Masikio yake yamepungua sana, la kushoto ndo kabisa, na yeye kwa tamthilia za Kikorea haambiwi kitu. Alikuwa anaongeza sauti mpaka majirani wanajua nani kamwacha nani. Binti yake akaona amtafutie sabtaito, yale maandishi yanayopita chini ya video kueleza kinachosemwa, jambo jema kabisa, akaingia saiti moja kwenye simu, pale kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa pakua, akabofya. Likafunguka dirisha linasema simu yako ina virusi, akafunga, likaja la kamari, akafunga, la tatu sasa ni watu hawana nguo, na wajukuu wamekaa palepale kwenye mkeka. Mwisho wa yote kilichoshuka si sabtaito, ni apu.

KASTO: Akaiweka?

TUMPE: Simu ilimuuliza kama anaruhusu kuweka apu kutoka chanzo kisichojulikana, hapo akasita akanipigia. Nikamwambia nisomee jina la faili, linaishia na nini? Akasema nukta apk, yaani faili la kuweka apu kwenye simu. Nikamwambia futa hiyo haraka. Sabtaito inaishia na nukta srt, au nukta vtt, hizo ndo utakazokutana nazo sana. Na ni kafaili kadogo, filamu nzima ya saa mbili sabtaito yake ni kama kilobaiti mia hivi. Ukiona megabaiti arobaini jua hayo si maandishi.

KASTO: Na yale matangazo yaliendelea hata alipofunga braoza, si ndo uliniambia?

TUMPE: Eeh, kwa sababu katikati ya ule mvurugano kuna kidirisha kiliuliza "ruhusu arifa?" akabonyeza ruhusu ili kiondoke tu. Basi ikawa kila dakika simu inalia, mara umeshinda, mara betri yako inakufa. Watu wakifika hapo wanakimbilia kuflashi simu na hakuna haja. Unaingia mipangilio ya Chrome, mipangilio ya tovuti, arifa, unaitafuta ile saiti unaizuia. Basi, kimya.

KASTO: Hilo ni la kwanza kati ya mambo matano tuliyoyaandika kwa ajili ya leo. Twende la pili, ndani ya faili kuna nini.

TUMPE: Hapo ndo panapofurahisha. Lifungue kwa Notepad tu, ile programu ya kompyuta ya kuandikia maandishi matupu. Kuna namba, chini yake muda, yaani saa, dakika, sekunde, mkato, halafu milisekunde, unakuja mshale, halafu muda wa kuondoka. 00:01:12,400 --> 00:01:15,000. Chini ya hapo maneno, unaacha mstari mtupu, namba inayofuata. Hakuna zaidi! Kwa hiyo sisi tulichofanya, tulichukua ya Kiingereza, mi na binti yake tukakaa Jumamosi jikoni, tukawa tunafuta Kiingereza tunaandika Kiswahili, muda hatuugusi hata kidogo, tukaseviwa... tukasevu kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Na ilikuwa ile ya watu wasiosikia vizuri, ambayo inaandika na sauti kwenye mabano, mlango unagongwa, mvua inanyesha, vile. Mama mdogo ameshika miwani, anasoma kwa sauti kubwa kila kitu, "mabano, simu inaita, mabano." "Mabano, muziki wa huzuni, mabano." Wajukuu wako hoi.

KASTO: (anacheka) Muziki wa huzuni!

TUMPE: Mabano, Kasto anacheka mpaka maiki inatikisika, mabano.

KASTO: Ngoja, ngoja. Mabano, Tumpe anasogeza kikombe cha chai akidhani hatusikii, mabano.

TUMPE: Sasa nyumba nzima ndo wanaongea hivyo. Mama mdogo akiingia jikoni, "mabano, sufuria inaungua." Jana mwenye duka kachelewa kurudisha chenji, mama mdogo kasimama palepale, "mabano, kimya kirefu."

KASTO: Hahaha, huyo mama mletee kipindi chake! Mabano, kuku wa jirani yuko dirishani tena, mabano.

TUMPE: Kweli lakini, hapo mi ndo nilipoelewa. Miaka hii yote alikuwa hajui kwamba kwenye zile tamthilia kuna mvua nje ya dirisha wakati watu wanaongea. Aliniambia, "Kumbe ilikuwa inanyesha." Mtu anayesikia hawezi kujua amepewa nini bure.

KASTO: Ndo maana mi nasema... hapana, malizia kwanza hiyo video ilikuwa wapi na faili mliliwekaje juu yake, watu watatuuliza.

TUMPE: Ilikuwa inastrimu kwenye YouTube, chaneli ya wenyewe kabisa, kwenye laptopu. Zipo ekstensheni za braoza, yaani viprogramu unavyoviongeza kwenye braoza, zinakuruhusu kubandika faili lako la srt juu ya video inayocheza. Lakini soma inachoomba. Nyingi zinataka kusoma na kubadilisha data zako kwenye saiti zote, zote maana yake hata ukifungua benki. Kwenye Chrome unaweza kuibana ifanye kazi pale tu unapoibofya, au kwenye saiti moja uliyoitaja. Ibane. Na kuzuia matangazo, weka Firefox na uBlock Origin, ni ya bure, inakubali mpaka kwenye Firefox ya Android. Kwenye Chrome imebaki ile Lite, toleo lake lililopunguzwa, inasaidia lakini si sawa na ile kamili.

KASTO: Mi ningesema kama una video yenyewe kwenye mashine tumia VLC tu, programu ya kuchezesha video, yaishe. Bure, haina tangazo hata moja, inatoka kwa watu wa VideoLAN kule Ufaransa. Ila isasishe, usikae na ya zamani. 2017 Check Point, kampuni ya usalama wa mitandao, walionyesha kwamba faili la sabtaito lililotegwa linaweza kumpa mtu udhibiti wa mashine yako kupitia programu za kuangalia video za VLC, Kodi, Stremio na Popcorn Time. Tundu lilizibwa, lakini mwenye toleo la kabla ya hapo bado yuko wazi.

TUMPE: Hilo ni la tatu na la nne kwa pamoja, umenikatia njia.

KASTO: Sasa niseme langu. Mi hii habari ya sabtaito naona tunaisifia kupita kiasi. Bibi yangu kule Makambako hasomi. Umeweka maandishi, umemsaidia mama mdogo, sawa, bibi umemfungia mlango. Nchi hii watu wamezoea filamu ya kutafsiriwa kwa sauti, pale Mwanjelwa ukiingia kibanda cha video mtafsiri ndo anayejaza watu. 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina yenye sauti za Kiswahili, watu waliifuatilia mpaka Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Ni sauti ilifanya vile, si maandishi.

TUMPE: Na mama mdogo angeipataje hiyo sauti?

KASTO: Sijasema mama mdogo asipate.

TUMPE: Umesema tunasifia kupita kiasi. Kasto, kuweka sauti kunataka studio, waigizaji, hela, ruhusa ya mwenye kazi. Srt inataka Notepad na mtu anayejua lugha mbili. Binti wa form four ameifanya jikoni Uyole! Na mtafsiri wa kibandani, nampenda, lakini nusu ya anayosema hayamo kwenye filamu.

KASTO: Ndo utamu wenyewe huo.

TUMPE: Kwako. Mi nataka kumsikia yule mama wa Kikorea analia kwa sauti yake mwenyewe, huku najua anasema nini.

KASTO: Mstari unakaa sekunde mbili, tatu. Bibi hata angekuwa anasoma, asingewahi. Unamwambia mtu wa miaka themanini akimbizane na maandishi?

TUMPE: Mama mdogo ana sabini na moja na anayawahi.

KASTO: Alikuwa mwalimu! Hiyo si haki, unamchukua mwalimu mstaafu unamfanya kipimo cha Watanzania wote.

TUMPE: Na we unamfanya bibi kipimo. YouTube walikuwa na utaratibu watazamaji wenyewe wanachangia sabtaito kwenye video za wengine, wakaufunga Septemba 28, 2020, viziwi walilalamika dunia nzima. Hao nao ni watu, na sauti ya Kiswahili hata iwe nzuri vipi haiwafikii.

KASTO: Sibishi kuhusu viziwi. Nabisha kuhusu kipi kije kwanza, nguvu kidogo tuliyonayo iende wapi. Mi nasema sauti.

TUMPE: Mi nasema maandishi, na sitoki hapo.

KASTO: Na mi sitoki.

TUMPE: Mabano, kimya kirefu, mabano.

KASTO: Usinichekeshe, nimekasirika kweli.

TUMPE: Najua. Na mi pia.

KASTO: Aisee, watu wa kwaya wako mlangoni, studio ni yao saa nne. Tulikuwa na la tano, sabtaito inayoanza sawa halafu inazidi kuchelewa kadiri filamu inavyokwenda, ile ya filamu ya fremu 25 kwa sekunde na sabtaito ya fremu 23.976...

TUMPE: Hatuliwezi kwa dakika moja, liache. Hata orodha tuliyoiandaa ya mambo ya kuangalia kabla ya kupakua hatuisomi. Wenye sabtaito iliyopishana kidogo tu mwanzo hadi mwisho, VLC ya kompyuta ya Windows, H inaichelewesha, G inaiwahisha, kila mguso milisekunde 50.

KASTO: Na mnaosema sauti kwanza tuandikieni, nahitaji watu upande wangu.

TUMPE: Na wa maandishi pia. Haya kaka, toa waya, wameshaanza kuingiza kinanda.