Jingo inayokaa mdomoni

REHEMA: Haya haya jamani karibuni tena, mimi ni Rehema na niko hapa na kaka yangu Saidi, leo tunaongelea kitu ambacho kila mtu anakisikia kila siku ila hakuna anayekaa chini kukijadili, jingo za redio, vile vipande vifupi vya sauti vya kukitambulisha kituo. Shikamoo kaka.

SAIDI: Marahaba mdogo wangu, hujambo.

REHEMA: Sijambo kabisa. Kwa wale wageni, kaka Saidi amekaa kwenye mitambo miaka na miaka, karekodi jingo za vituo vidogo vidogo huko mikoani, na mimi nimetangaza, kwa hiyo yeye anaijua hii kitu kutoka upande wa mashine mimi naijua kutoka upande wa maiki. Nianze na swali, jingo ya kwanza kabisa unayoikumbuka ni ipi?

SAIDI: Ngoma. Ile ngoma ya Radio Tanzania Dar es Salaam kabla ya taarifa ya habari. Nyumbani kwetu ikilia ngoma tu hata mtoto anayelia anabembelezwa haraka, mama anaacha mwiko kwenye sufuria, kwa sababu baada ya habari kuna matangazo ya vifo na watu wanataka kusikia kama kuna jina wanalolijua. Hakuna aliyeimba jina la kituo pale, hakuna aliyesema sisi ndio namba moja, ni ngoma tu, na ukiwa unapita njiani ikalia kwenye nyumba ya tatu ushajua ni saa ngapi na umechelewa nyumbani.

REHEMA: Sasa kuna mtu atasema hiyo sio jingo, hiyo ni alama ya habari.

SAIDI: Kazi ni ileile dada. Turudi nyuma kidogo tuelewe sauti hizi zilitoka wapi. Enzi za masafa mafupi unazungusha kile kitufe cha redio, mshale unatembea kwenye kioo, huku unapata Kiarabu huku mikwaruzo huku filimbi, utajuaje umefika? Ndio maana kituo kilikuwa kinapiga sauti yake dakika kadhaa kabla ya matangazo kuanza, inajirudia inajirudia, wewe unazungusha taratibu mpaka isikike safi halafu unaacha mkono. Deutsche Welle walikuwa na kile kipande cha Beethoven kutoka opera ya Fidelio kinachosikika kama vikengele vidogo, na idhaa yao ya Kiswahili ipo tangu 1963, kwa hiyo wapo wazee wa huku kwetu hawajawahi kukanyaga jumba la opera ila wimbo huo wanaupiga mluzi.

REHEMA: BBC nao na zile pi pi pi.

SAIDI: Zile ni alama za saa, zilianza Februari 1924, ziko sita, tano fupi na ya mwisho ndefu, na ile ndefu inapoanza ndipo saa imegonga sawasawa. Zilitengenezwa kwa ajili ya kurekebisha saa ila watu wakazichukua kama sahihi ya kituo. Na Afrika tulikuwa wajanja sana kwenye hili, Ghana walipiga ngoma zinazoongea, ukimuuliza anayeijua lugha atakuambia ile ngoma inasema "Ghana muntie", yaani Ghana sikilizeni. Zambia wakachukua mlio wa furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe.

REHEMA: Ule mlio hata mimi nikiusikia naliona ziwa hapohapo!

SAIDI: Umeona? Hujaambiwa neno hata moja na ushafika ziwani.

REHEMA: Ila kaka kipindi hicho kituo kilikuwa kimoja. Nani alihitaji kuambiwa jina? Ukiwasha redio ni hiyohiyo. Sheria ya utangazaji ya 1993 hapa Tanzania ilipofungua mlango kwa watu binafsi ndio mambo yakabadilika, na Kenya vilevile katikati ya miaka ya 90, ghafla mtu ana vituo kumi kwenye FM, anabonyeza tu anahama, na vyote vinapiga nyimbo zilezile. Hapo ndipo jina linakuwa mali.

SAIDI: Kabisa. Na hapo ndipo tulipoanza kuiga, na mimi naomba niseme hili kwa moyo wote, tuliiga vibaya.

REHEMA: Eleza.

SAIDI: Jingo za kuimbwa, zile za kwaya ya watu watano wanaimba jina la kituo kwa sauti zinazopandana, mtindo ule ulikuzwa sana Dallas kule Texas. Kulikuwa na kampuni inaitwa PAMS, Bill Meeks aliianzisha 1951, wao walirekodi muziki mara moja, halafu kila kituo kikija na pesa waimbaji wanaingia studio wanaimba jina la kituo hicho juu ya muziki uleule. Kituo cha New York na cha kijijini vinaweza kuwa na wimbo mmoja, tofauti ni jina tu. Radio London iliyokuwa inatangaza kutoka kwenye meli nje ya pwani ya Uingereza tangu Desemba 1964 ilikuwa inatumia jingo za PAMS, na BBC ilipofungua Radio 1 Septemba 1967 nayo ikaenda kwa haohao.

REHEMA: Biashara ya akili sana ile.

SAIDI: Sana, na kwao inafanya kazi vizuri kwa sababu ule muziki umekatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Shida inaanza ukiuchukua ukaupachika Kiswahili. Chukua neno lenyewe redio. Mzungu uzito anauweka mwanzo, RE, halafu anateremka. Wewe unasemaje?

REHEMA: Redio. Re-DI-o.

SAIDI: Katikati! Kiswahili chetu kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, siki-LI-za, ma-SA-fa, nyu-MBA-ni. Sasa mtu ananunua muziki mtandaoni, noti ndefu na ya juu iko pale mwanzo, anaimba REEEdio, SIIIkiliza, na msikilizaji hawezi kukuambia kosa liko wapi ila anahisi kama mgeni anamsalimia. Halafu hatoiimba, na jingo isiyoimbwa na mtu jikoni imekufa hata kama imegharimu milioni.

REHEMA: Mimi hapo niongeze la namba, kwa sababu hili lilinisumbua hewani. Tuseme kituo kiko 98.4, mfano tu, sasa hesabu na mimi, ti-si-ni-na-na-ne-nuk-ta-n-ne, silabi kumi. Kwa Kiingereza ni tano. Muda uleule mara mbili ya silabi, ndio maana unasikia kituo kinaongea Kiswahili siku nzima ila masafa wanayataja kwa Kiingereza.

SAIDI: Na hiyo nne ya mwisho ni mtihani kwa mwimbaji, kwa sababu uzito unakaa kwenye ile n ya kwanza, n-ne. Ukimpa noti ya juu pale itabidi aiimbie puani. Nimeshakaa na binti mmoja wa kwaya tukarudia mara nyingi mno mpaka tukakubaliana, namba isiimbwe, isemwe. Mwimbaji aimbe jina, namba iseme mtu mwenye sauti tulivu. Ikatoka nzuri ajabu, na tangu siku hiyo nafanya hivyohivyo.

REHEMA: Haya tuje kwenye urefu.

SAIDI: Sekunde tano mpaka nane kwa ile ya kawaida, na uwe na ya sekunde mbili, ile ya akapela bila ala, jina tu na limeisha. Amerika mtandao wa redio wa NBC ulikuwa na noti tatu tu, sol, mi, do, basi, na mwaka 1950 wakazisajili kama alama yao ya biashara kisheria. Noti tatu!

REHEMA: Mimi kuna kituo nilifanya kazi, nisikitaje, tuliletewa jingo ya sekunde 28. Ina kinanda, ina upepo wa bahari, ina mzee anaongea kwa sauti nzito "tunakuhabarisha tunakuelimisha tunakuburudisha", jina linakuja mwishoni kabisa sekunde ya 25. Sasa mimi niko hewani, wimbo umeisha, simu ya msikilizaji iko laini, nitasubiri nusu dakika? Kila mtangazaji akawa anaikata katikati, ikafika mahali inapigwa wiki nzima na jina la kituo halijasikika hata mara moja. Iliniuma kwa sababu pesa ile ilitosha kununua maiki mbili tulizokuwa tunazililia.

SAIDI: Pole sana, na hayo maneno matatu, kuhabarisha kuelimisha kuburudisha, kila redio inayasema. Jingo haina nafasi ya kubeba sera ya kituo. Ibebe jina, na kama kuna nafasi ibebe mahali.

REHEMA: Na kuna kitu watengenezaji wanasahau, jingo ni kiungo. Mimi mtangazaji naihitaji inivushe. Nimetoka kwenye singeli, biti inakimbia, nataka kwenda kwenye taarabu ya kutulia, nikikata tu hivihivi msikilizaji anashtuka kama kwenye daladala dereva kafunga breki. Nikiwa na jingo inayoanza kasi halafu inashuka, navuka salama. Kwa hiyo usiagize moja, agiza familia, wimbo mmoja ila ya kupanda, ya kushuka, ya usiku, ya kabla ya habari. Kama kanga, mji wake, ile picha ya katikati, ni uleule rangi tofauti.

SAIDI: Hapo umesema. Sasa niguse la kifundi. Vijana wanachanganya jingo kwenye spika kubwa za studio, besi inatikisa meza, kila mtu anapiga makofi. Lakini msikilizaji yuko na simu mfukoni kwa bodaboda, au karedio ka betri kanakoning'inia kwenye kibanda cha mama ntilie, kale kaspika hakawezi kutoa besi ile, inapotea yote, na kama wimbo wako ulikuwa umebebwa na besi basi kimebaki kipande cha kwikwi. Sauti ya mtu, filimbi, marimba, zeze, makofi, hivi vinakaa katikati pale spika ndogo inapoweza, vinapenya. Jingo ikishaisha mimi naitoa studio naipeleka kwenye simu, naiweka kwenye meza ya muuza chai asubuhi watu wakiwa wengi wanaongea, kama jina halisikiki pale narudi kuanza upya.

REHEMA: Na unajuaje kama imekaa?

SAIDI: Watoto. Nawapigia watoto wa mtaani kwangu mara tatu, siwaambii kitu, kesho yake nakaa kibarazani nasikiliza. Wakiimba na jina likiwa sahihi, imekaa. Wakiimba wimbo ila jina wameliharibu, maana yake wimbo umelimeza jina, narudi kuirekebisha.

REHEMA: Tuna ujumbe wa sauti hapa, ndugu mmoja anasema wao ni kikundi, wanafungua redio ya jamii kandokando ya Ziwa Victoria, wametengewa bajeti ndogo sana ya jingo, wameambiwa wanunue muziki mtandaoni na sauti ya kukodi kutoka nje. Anauliza afanyeje.

SAIDI: Ndugu yangu asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Usinunue. Kwanza tembea siku mbili na simu yako, rekodi. Wavuvi wanavuta nyavu wanaitikiana, ule mwitikio ni kwaya tayari, una mapigo, una mmoja anaanzisha na wengi wanajibu. Waombe ruhusa, waambie itatumika redioni, na uwalipe kitu, kidogo ila walipe na muandikishane, kwa sababu sauti ni jasho la mtu. Muanzishaji aite jina la redio, kundi lijibu jina la kijiji. Umemaliza.

REHEMA: Kaka si wataonekana washamba? Maana hiyo ndio hofu ya wengi, wanataka ile sauti nzito ya Kimarekani.

SAIDI: Ile sauti nzito msikilizaji ataisikia kwenye kituo kingine cha mjini, na kingine, na kingine. Sauti ya mjomba wake akivuta nyavu ataisikia kwenu tu.

REHEMA: Na kurekodi je, hawana studio.

SAIDI: Chumba chenye nguo nyingi, kabati wazi, godoro limesimamishwa ukutani, dirisha funga, feni zima, simu iwe shubiri moja na nusu kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isigonge. Rekodi alfajiri kabla ya jogoo na pikipiki. Wale wa nyavu warekodi palepale ziwani, upepo ukizidi funika simu na soksi ya sufu. Mkimaliza mtutumie, namba yetu ya WhatsApp mnayo, nitaisafisha na kuikata bure.

REHEMA: Ameahidi hewani jamani, mmesikia, bure.

SAIDI: Bure. Na ya sekunde mbili msisahau.